Kutoka Padang hadi Changi: Tathmini ya Ziara ya Siku Moja Kuhusu Raia wa Kigeni Waliofungwa Singapore, 1942–1945

Mwezi uliopita nilipata siku moja ya mapumziko katikati ya mafunzo ya wiki mbili ya shughuli za bandari huko Singapore, na wakati wenzangu walipokwenda madukani, mimi nilijiandikisha katika ziara ya kuongozwa inayofuata nyayo za raia wa kigeni waliojikuta mjini humo Wajapani walipouteka tarehe 15 Februari 1942. Ziara hiyo inaendeshwa na kampuni ndogo ya watu wawili, mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye ndiye msimulizi, na kijana anayeendesha gari la abiria wanane. Sitaitaja kampuni hiyo kwa jina, kwa kuwa nina malalamiko mawili juu yake na sitaki kutia mchanga kitumbua cha watu ambao kwa sehemu kubwa waliifanya kazi yao kwa uaminifu. Njia yenyewe yeyote anaweza kuifuata, akiwa na mwongozaji au bila, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Ziara huanza saa mbili asubuhi penye uwanja wa Padang, ule uwanja mpana wa majani ulio mbele ya majengo ya zamani ya Manispaa na Mahakama Kuu, ambayo leo yameunganishwa kuwa jumba la taifa la sanaa. Hapo ndipo raia wa Kizungu walipoamriwa kukusanyika tarehe 17 Februari 1942, siku mbili baada ya jeshi la Waingereza kusalimu amri. Walisimama juani kwa saa nyingi wakihesabiwa na kupangwa, kisha wakapelekwa Katong, mtaa wa pwani ulio upande wa mashariki wa mji. Mwongozaji wetu alianza kwa kututaka tuangalie saa zetu. Alitueleza kwamba watawala wapya waliusogeza mshale mbele kwa saa moja na nusu ili mji ufuate saa ya Tokyo, na kwamba mji wenyewe ulipewa jina jipya la Syonan, yaani nuru ya kusini. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tunalielewa jambo hilo kwa namna ya pekee: jua linachomoza pale pale lilipochomoza jana, lakini adui amekwisha kuamua kwamba saa moja ya asubuhi sasa ni saa mbili na nusu, na kila mtu lazima aamke kwa hesabu hiyo.

Hapo hapo Padang ndipo ilipotokea kasoro ya kwanza. Mama huyo alisema kwamba Wazungu wote waliokuwa mjini walifungwa tangu wiki ile ya kwanza, na kauli hiyo si sahihi. Baadhi ya wataalamu waliachwa nje kwa sababu Wajapani waliwahitaji. Wataalamu wa mimea E. J. H. Corner na R. E. Holttum waliendelea kufanya kazi katika Bustani ya Mimea na katika Jumba la Makumbusho la Raffles chini ya wasomi wa Kijapani, wakiyalinda makusanyo ambayo huenda yangeporwa. Askofu wa Kianglikana, Leonard Wilson, naye aliruhusiwa kuendelea na kazi yake ya kichungaji hadi mwaka 1943, kwa kuwa ofisa mmoja wa Kijapani aliyekuwa Mkristo alimtetea. Naona jambo hili lina uzito, kwa sababu katika mji uliokaliwa na adui hapakuwa na fungu moja la wageni, wala hapakuwa na njia moja ya kuishi. Yupo aliyefungwa, yupo aliyeachwa nje akafanya kazi mbele ya macho ya adui na kushukiwa na wenzake kwa sababu hiyo, na yupo ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa mgeni ingawa alizaliwa ng'ambo ya bahari. Nilipomuuliza mwongozaji, alikubali kwamba amefupisha mno. Nilipenda kwamba hakujitetea, lakini msimulizi anayelipwa kwa kazi hii anapaswa kuwa na maelezo hayo kabla mteja hajauliza.

Kutoka Padang gari lilitupeleka Katong, na hapa ziara inapanda hadhi. Wanawake na watoto, wapatao 400, walizuiliwa katika nyumba za mtaa huo kwa majuma machache, kisha tarehe 8 Machi 1942 wakatembezwa hadi gereza la Changi, mwendo wa zaidi ya kilomita 10 chini ya jua la Ikweta. Wagonjwa, wazee na watoto wadogo walichukuliwa kwa magari, waliobaki wakaenda kwa miguu wakiwa wamebeba walichoweza kubeba. Masimulizi mengi ya walionusurika yanakubaliana kwamba walipofika langoni waliingia wakiimba, ili wanaume waliokwisha kutangulia ndani wasikie kwamba wake zao wamewasili wakiwa hai. Kampuni haimtembezi mteja njia yote, na isingekuwa busara kufanya hivyo, lakini inamshusha ili atembee kilomita mbili za mwisho akiwa amebeba mkoba wake mwenyewe. Tulikuwa watu sita. Hakuna aliyesema neno baada ya dakika kumi za mwanzo. Jasho lilikuwa likitutoka hata machoni, na mimi nimezaliwa Mombasa, sidhani kama joto linanitisha kwa urahisi. Sehemu hii ndiyo ninayoipa alama za juu kabisa, kwa sababu maelezo yoyote kuhusu umbali huo yangesahaulika kufikia jioni, lakini miguu haisahau.

Lango la gereza la zamani bado lipo, pamoja na kipande cha ukuta chenye urefu wa mita 180 na minara miwili ya ulinzi, na vyote vimetangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa tangu mwaka 2016. Gereza lenyewe lilibomolewa mwanzoni mwa karne hii, na nyuma ya ukuta huo kuna gereza jipya linalofanya kazi hadi leo, kwa hiyo mgeni hulitazama lango kutoka barabarani. Mwongozaji alitutaka tusimame upande wa pili wa barabara, akatupa hesabu. Gereza lilimalizika kujengwa mwaka 1936 kwa ajili ya wafungwa 600. Mwezi Machi 1942 liliingizwa raia wapatao 2,400. Chumba kilichojengwa kwa mfungwa mmoja, chenye jukwaa la saruji katikati lililokusudiwa kuwa kitanda, kilitiwa watu watatu: mmoja alilala juu ya jukwaa na wawili sakafuni kila upande. Wanaume walitengwa na wanawake kwa kuta, hata mume na mke waliokuwa wakilala hatua mia moja kutoka mmoja hadi mwingine waliweza kukaa miezi bila kuonana uso kwa uso.

Jumba la makumbusho, Changi Chapel and Museum, liko kwenye barabara hiyo hiyo ya Upper Changi Road North, na lilifunguliwa upya mwezi Mei 2021 baada ya matengenezo makubwa. Lina vyumba vinane vya maonyesho na vitu 114. Nilitazamia kukuta historia ya wanajeshi peke yao, maana jina la Changi limezoeleka kwa sababu ya mateka wa kivita wa Kiingereza na wa Australia, lakini raia wamepewa nafasi yao. Kuna chumba kilichotengenezwa kwa mfano wa seli, chenye nusu giza, ambamo zinasikika sauti za mazungumzo kama ya watu waliofungwa humo. Nilikaa ndani yake peke yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kitu kilichonishika zaidi ni shajara ya kurasa 400 ya Arthur Westrop, raia aliyefungwa hapo. Aliiandika siku baada ya siku kwa muundo wa barua kwa mke wake, ambaye wakati huo alikuwa Afrika. Barua hizo hazikuweza kutumwa. Aliendelea kuziandika hata hivyo, akamsimulia mkewe mambo ya gerezani kana kwamba wamekaa barazani jioni, na akawa hana budi kuzificha. Nilisimama mbele ya kioo nikafikiria kwamba katika miaka hiyo hiyo, mahali fulani upande wetu wa bahari, mwanamke huyo alikuwa akiamka kila siku bila kujua kama mumewe yu hai, na majibu ya kila swali lake yalikuwa yakiandikwa na kurundikwa ng'ambo. Maelezo ya jumba ni mafupi na yenye staha, na hapo mwongozaji wetu alifanya jambo jema la kunyamaza.

Baada ya shajara alitukalisha kwenye benchi la uani, karibu na kanisa dogo la mbao lililojengwa kwa mfano wa yale ya mateka, akatoa mkobani kitambaa kikubwa kilichochapwa picha za mashuka ya viraka yaliyoshonwa na wanawake wa Changi mwaka 1942. Mashuka yenyewe hayapo Singapore: mawili yamehifadhiwa na jumba la kumbukumbu za vita la Australia huko Canberra, na la tatu liko Uingereza chini ya Msalaba Mwekundu. Wazo lilitoka kwa Ethel Mulvany, Mkanada aliyekuwa amehusika na kazi za Msalaba Mwekundu kabla ya mji kuanguka. Kila mwanamke alipewa kipande kidogo cha kitambaa cheupe cha mraba, akaambiwa adarizi kitu cha nafsi yake na kutia jina lake. Vipande 66 viliunganishwa kuwa shuka moja, na mashuka yakawa matatu: moja kwa majeruhi wa Kiingereza, moja kwa wa Australia, na moja kwa wa Kijapani. Hilo la tatu ndilo lililoyafungulia mlango mengine mawili, kwa sababu wakuu wa gereza walikubali mashuka yatolewe na kupelekwa hospitalini, bila kuzingatia kwamba kila jina lililodariziwa lilikuwa habari. Mwanamume aliyelazwa hospitalini, au mwenzake aliyemtembelea, akilikuta jina la mkewe kwenye kiraka, amekwisha kujua kwamba yu hai, kwamba mikono yake inafanya kazi, na pengine hata hali ya moyo wake, kwa maana mmoja alidarizi ua na mwingine alidarizi seli yake ya gerezani.

Wenzangu katika ziara walilishangaa jambo hili. Mimi sikulishangaa, nililitambua. Nimelelewa na wanawake ambao waliweza kumaliza ugomvi wa mwezi mzima kwa kuvaa leso moja tu na kupita nayo mlangoni pa jirani, na anayejua kusoma jina la leso anajua kwamba kitambaa kinasema yale ambayo kinywa kimekatazwa. Nilimweleza mwongozaji habari za kanga na majina yake, akaandika kwenye daftari lake, akaniuliza maswali mazuri. Nasema haya kama sehemu ya tathmini, kwa kuwa ziara inayompa mteja nafasi ya kuongeza kitu ni adimu, na katika ziara nyingine mbili nilizowahi kulipia katika miji mingine, mwongozaji alikuwa akisoma akilini maneno yaliyokaririwa na hakutaka kukatizwa.

Kuna mtu mmoja ambaye kwa maoni yangu alistahili nusu saa nzima lakini alipewa dakika tano, naye ni Daktari Cicely Williams. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanamjua bila kujua kwamba wanamjua. Neno kwashiakoo, ambalo kila mama aliyepeleka mtoto kliniki amelisikia na ambalo sisi tumelifanya la Kiswahili, liliingia katika vitabu vya tiba kupitia yeye. Alilichukua kutoka lugha ya wenyeji alipokuwa akitibu watoto katika Gold Coast, Ghana ya leo, akaandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1933 na kulitumia jina hilo hadharani mwaka 1935. Mwaka uliofuata alihamishiwa Malaya, na mwaka 1939 aliwashutumu mbele ya hadhara mjini Singapore wale waliokuwa wakiwauzia akina mama maziwa matamu ya kopo badala ya kuwaacha wanyonyeshe. Vita vilipofika, naye akafungwa Changi, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa kambi ya wanawake. Hapo aliyasimamia kwa vitendo yale aliyokuwa akiyahubiri: yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba watoto 20 walizaliwa kizuizini, wote 20 wakanyonyeshwa, na wote 20 wakaishi. Katika gereza ambamo chakula cha kila siku kilikuwa wali mweupe usiotosha, na ambamo beriberi ilikuwa ikiwavimbisha watu miguu, hesabu hiyo ni ushahidi mkubwa kuliko hotuba yoyote. Mwongozaji alitaja cheo chake na tarehe za kuzaliwa na kufa, akapita. Nilimweleza kwamba akiwapata wateja kutoka Afrika aanze na neno hilo moja, kwashiakoo, na ataona watakavyoinua vichwa.

Cicely Williams anarudi katika sehemu ngumu zaidi ya ziara. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1943 makomando wa upande wa Uingereza na Australia waliingia bandarini kwa mitumbwi, wakabandika mabomu kwenye meli za Kijapani, wakaondoka bila kuonekana. Mtu wa bandari kama mimi anaelewa hofu iliyowashika wakubwa wa Kijapani kulipokucha na meli zinazama ndani ya maji yao wenyewe. Hawakuamini kwamba shambulio limetoka nje. Walidhani wafungwa raia wa Changi wamelipanga kwa redio ya siri, na tarehe 10 Oktoba 1943 polisi wa kijeshi, Kempeitai, waliivamia kambi, wakawakusanya wafungwa uani, wakapekua kila pembe. Redio zilikuwepo kweli, lakini zilikuwa za kusikilizia habari tu. Raia 57 walikamatwa na 15 kati yao walikufa kutokana na mateso na maradhi. Askofu Wilson alikuwa mmoja wa walioteswa, na Cicely Williams alishikiliwa kwa miezi akiwa amefungiwa na watu waliokuwa wakifa mbele yake. Mateso mengi yalifanyika katika jengo la YMCA lililotwaliwa na Kempeitai. Jengo hilo halipo tena, na mahali pake pamejengwa YMCA mpya, penye bamba la kumbukumbu ambalo wapita njia wengi hawaligeukii.

Ni hapo mbele ya bamba hilo, tulipopita jioni tukirudi mjini, ndipo mwongozaji alipotaja jina la Elizabeth Choy, na alilisimulia vizuri mno. Choy alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Borneo ya Kaskazini. Yeye na mumewe waliendesha kantini hospitalini, na kupitia kantini hiyo walipenyeza chakula, dawa, fedha na barua kwa raia wa Kizungu waliofungwa. Kempeitai walimkamata mumewe kwanza, kisha yeye, wakamtesa na kumshikilia kwa karibu siku 200 katika seli ambamo alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume, bila kupata kutoka kwake maungamo waliyoyataka. Baada ya vita, mwaka 1946, maofisa na watumishi 21 wa Kempeitai walishtakiwa kwa ajili ya tukio hilo na wanane wakahukumiwa kifo. Choy mwenyewe hakutaka kuwatafutia kifo waliomtesa. Ningependa ziara ianze naye, maana bila watu wa mji waliobaki nje ya ukuta, waliokuwa na mengi zaidi ya kupoteza, wafungwa wa ndani wangekufa wengi zaidi.

Hili linanileta kwenye jambo ambalo ziara inaligusa lakini hailishiki vya kutosha. Ufukweni mwa Changi, tuliposimama kwa robo saa tu, lipo bamba la kuwakumbuka wanaume 66 wa Kichina waliopigwa risasi hapo tarehe 20 Februari 1942, siku tatu tu baada ya Wazungu kuhesabiwa pale Padang. Mauaji ya Wachina katika majuma hayo ya kwanza yalichukua maelfu ya watu, na wengi wao walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji, waliokuja kutoka Uchina kutafuta maisha kama Mwingereza alivyokuja. Singapore ya mwaka 1942 ilikuwa mji wa wageni. Adui aliwapanga kwa pasipoti na kwa damu: Mzungu wa taifa adui alikwenda gerezani, Mchina aliyeshukiwa alikwenda ufukweni, na Wayahudi wenye asili ya Baghdad waliachwa mwanzoni, kisha wanaume wao wakaanza kukamatwa mwaka 1943 na wanawake na watoto wengi wakafuata kambini mwaka 1945.

Na Waarabu wa Hadhramaut je? Nilimuuliza mwongozaji, naye hakuwa na jibu, wala simlaumu. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mhadhrami, au Mshihiri kama tulivyozoea kusema Mombasa, na watu wa kwao waligawanyika baharini: huyu Lamu, yule Unguja, mwingine Singapore na Java. Walio Singapore ndio waliojulikana kwa mali, na fedha zao zilizopelekwa nyumbani ndizo zilizokuwa zikinunua nafaka huko Hadhramaut. Wajapani walipouteka mji, mlango huo wa fedha ulifungwa mara moja. Mvua nazo zikakosekana, na njaa iliyofuata mwaka 1943 na 1944 iliua watu wengi huko mabondeni, mpaka ndege za jeshi la Uingereza zikalazimika kubeba nafaka. Wahadhrami wa Singapore hawakutiwa Changi kwa wingi wala hawana bamba ufukweni, lakini kukaliwa kwa mji huo kuliwaua jamaa zao waliokuwa maelfu ya kilomita mbali. Jioni nilikwenda mwenyewe mtaa wa Kampong Glam, nikasali magharibi katika Msikiti wa Sultan, na nikatamani kituo hicho kingekuwa ndani ya ziara.

Chakula cha mchana kimo katika bei, na nilikifurahia kuliko nilivyotarajia. Tuliletewa muhogo uliochemshwa na kunyunyiziwa nazi iliyokunwa, viazi vitamu, na matembele yaliyokaangwa kwa vitunguu saumu na pilipili. Mwongozaji alieleza kwamba mchele ulipoadimika na fedha za Kijapani, zilizoitwa fedha za ndizi kwa sababu ya picha ya mgomba iliyokuwa kwenye noti, zilipopoteza thamani hata kikapu cha noti kikawa hakinunui kitu, muhogo ndio uliouweka mji hai. Watu wazima wa huko walioonja miaka ile walibaki wakiuchukia muhogo maisha yao yote. Wenzangu watatu kutoka Ulaya waliuonja kwa adabu. Mimi nilimaliza sahani yangu nikaongezwa, na kwa haki niseme ulikuwa umeiva sawasawa, laini bila kuwa maji. Nazi ilikuwa ya siku hiyo.

Lalamiko langu la pili, na hili ni zito, ni Sime Road. Ratiba waliyonitumia ilikitaja kituo hicho waziwazi. Mwezi Mei 1944 raia wote walihamishwa kutoka gerezani kwenda kambi ya vibanda ya Sime Road, katikati ya kisiwa, na huko ndiko walikoishi mwaka wa mwisho na zaidi wa vita, wakilima mboga kwenye miteremko na kufa zaidi kuliko walivyokufa Changi, hadi ukombozi wa Septemba 1945. Kuisimulia habari ya raia hawa bila Sime Road ni kufunga kitabu kabla ya sura za mwisho. Saa kumi jioni dereva alisema barabara zimejaa, na mwongozaji akatusimulia Sime Road kwa maneno tukiwa garini, huku tukielekea mjini. Hatukurudishiwa sehemu ya fedha wala hatukuombwa radhi kwa namna iliyoridhisha. Bei yenyewe, inayokaribia mlo wa jioni wa watu wawili katika mkahawa wa kawaida wa huko, ni ya haki iwapo vituo vyote vitafikiwa. Wakipunguza muda wa kupiga picha mbele ya lango, na wakila mchana nusu saa mapema, watafika.

Tulishushwa pale pale tulipoanzia, Padang, mbele ya jengo la Manispaa ambamo Wajapani walitia saini ya kusalimu amri tarehe 12 Septemba 1945. Waliofungwa walikuwa wamekaa kizuizini miaka mitatu na nusu. Baadhi ya watoto waliotembea kutoka Katong walirudi wakiwa vijana, na baadhi ya waume hawakurudi.

Kwa Mswahili atakayejiunga na ziara hii au nyingine inayofanana nayo, napendekeza avae viatu vya kutembelea na kofia, abebe maji yake mwenyewe, asome kidogo kabla ya kwenda, na aulize mapema kwa maandishi kama Sime Road imo kweli. Asiye na siku nzima, kwa mfano msafiri anayekaa saa nyingi katika uwanja wa ndege wa Changi akisubiri ndege nyingine, anaweza kwenda jumba la makumbusho peke yake kwa teksi, kwa kuwa haliko mbali na uwanja huo, au kwa basi namba 2 kutoka kituo cha treni cha Tanah Merah. Akifika, aitafute kwanza shajara ya Westrop, aisome kurasa zilizofunguliwa bila haraka, kisha aingie katika ile seli ya nusu giza na akae humo mpaka sauti zote zitakapokwisha.